Fenda ya Kushoto

Igoma, 8 Julai 2024

Baba mpendwa, shikamoo. Natumaini wewe na shangazi hamjambo huko Nansio. Sisi wazima, ila vumbi la Igoma linatukohoza. Naandika kwa herufi kubwa, maana simu na masikio yako haviivani tena.

Nina kazi utakayofurahi kuisikia. Mama Rose, mjane wa rafiki yako Mwalimu Obedi, ameniletea ile Peugeot 404 nyeupe. Miaka kumi na tisa imekaa uani kwake Mkuyuni chini ya turubai, tangu ajali. Anasema amechoka kuitazama kama kaburi, anataka itembee.

Nimeshatoa boneti, milango yote minne, na fenda ya kulia iliyokunjwa na ajali. Kila bolti iko kwenye kopo lake, nimeandika ilikotoka, kama ulivyonifundisha. Imebaki fenda ya kushoto, inayofunika tairi la mbele. Bolti zimeshika kutu, nimezimwagia dizeli. Una ushauri?

Mwanao, Mwaija


Nansio, 11 Julai 2024

Mwanangu Mwaija, marahaba. Tunamshukuru Mungu, mgongo tu ndio unanisumbua. Shangazi anakusalimu.

Fenda ya kushoto usiitoe. Inyooshe kwa nje, piga rangi hapohapo ilipo. Bolti kuukuu zikikatika utaharibu na bodi. Tena ingekuwa heri useme kazi imekushinda, umrudishie mama wa watu gari lake.

Na asikae hapo gereji mkiwa mnafungua. Amekuuliza lolote juu yangu? Nijibu hilo kwanza.

Baba yako


Igoma, 15 Julai 2024

Baba, shikamoo. Pole kwa mgongo. Barua yako nimeisoma mara tatu na bado sijaielewa. Si wewe uliyekuwa ukisema kupiga rangi juu ya kutu ni kumpaka maiti poda?

Mama Rose haniulizi kitu. Kila akija anakusalimu, anakaa kwenye tairi na viazi vyake vya kuchemsha, anatutazama. Gari hili atapanda yeye na wajukuu zake. Lazima nione kilichopo chini. Jumamosi naitoa.

Una nini, baba? Unaumwa, unanificha?

Mwanao, Mwaija


Nansio, 18 Julai 2024

Mwaija, marahaba. Siumwi. Naomba meli ikufikishie hii kabla ya Jumamosi.

Chini ya fenda hiyo, pale spring ya mbele inaposhika bodi, palikuwa pameoza. Obedi aliniletea gari Alhamisi, kesho yake anakwenda Musoma na mkewe. Nilikata, nikaweka bati jipya, nikachomelea. Gesi ikaniishia kabla sijamaliza mshono wa chini. Nikamwambia, "Mwalimu, niachie mpaka kesho."

Hapana. Sikumwambia. Nimejidanganya hivyo miaka yote. Niliziba pengo kwa puti, nikapaka rangi, nikafunga fenda, nikampa ufunguo. Kesho yake gari likaacha njia kabla ya Nyanguge. Mama Rose alitoka na mkono uliovunjika. Obedi hakutoka.

Sikwenda kuzika. Niliwaambia watu ni masikio, nyundo zimeniharibu, nikahamia huku kwa dada yangu. Ukifungua utaona jinsi nilivyomuua rafiki yangu.

Baba yako


Igoma, 21 Julai 2024

Baba yangu, shikamoo. Barua ilifika Ijumaa. Jana nilifunga geti, nikawaruhusu mafundi waende, nikaitoa peke yangu. Bolti mbili zilikatika. Nikakwangua tope, nikakwangua puti yako.

Ni kweli, mshono wa chini hukuumaliza. Upana wa vidole vitatu hakuna kitu. Lakini haukuachia, baba. Bati lako liko palepale, halina hata ufa. Nimeligonga kwa nyundo, nimelichokoa kwa bisibisi. Pigo lote liko kulia. Ungekwenda kuliangalia gari wakati ule, ungeliona.

Mama Rose sijamwambia. Anakuja kesho. Nimwambie nini? Nijibu upesi.

Mwanao, Mwaija


Igoma, 31 Julai 2024

Baba, shikamoo. Siku kumi hujajibu, na Mama Rose bado sijamwambia. Leo asubuhi Nestory wa melini, anayetuletea barua, amekuja. Shangazi anasema uliondoka Jumatatu na begi, ukaaga unakuja kwangu. Hujafika. Nimekwenda bandarini, nimekwenda hospitali, nimeuliza msikitini. Kuna mawazo yananijia nikiliangalia ziwa ambayo siwezi kuyaandika.

Naituma hii Nansio hata hivyo, shangazi akuwekee. Kama huuamini mshono, njoo uushike mwenyewe. Kama nimekuudhi, nipige. Ila uje.

Mwanao, Mwaija


Mkuyuni, 1 Agosti 2024

Mwanangu, nisamehe. Najua umenitafuta. Ni mzima, nimekula. Anayekuletea barua hii ni Mama Rose mwenyewe, mpe kiti.

Barua yako ya mshono niliipata, sikuiamini. Mtoto anaweza kumdanganya baba yake ili alale usingizi. Halafu nikawaza, nikija kwako kwanza nikaukuta mzima kweli, nitajiambia sina kosa, na kwa huyu mama sitafika tena. Basi niliposhuka melini nikaja huku moja kwa moja. Siku mbili nimelala kwa Mzee Lukman, jirani yake, napita nje ya geti la Mama Rose, narudi. Jana akatoka na ndoo.

"Abdillah," akasema, "utapita mara ngapi?"

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: gesi, puti, ufunguo. Akanisogelea sikioni.

"Ng'ombe walikatiza. Obedi alikata usukani kulia, tukaingia kwenye kalvati. Nilikuwa nimekaa naye, Abdillah. Kila aliyekuja msibani nilimsimulia. Wewe hukuja."

Akalia. Miaka kumi na tisa amekuwa akijiuliza yeye na mumewe walinikosea nini hata nisije. Nilimwomba msamaha kwa kutozika, akasema amesamehe. Nikaomba na wa mshono. Akasema huo atafikiria kwanza. Alikuwa amepanda gari lile na mumewe, na mimi nilijua mshono haukwisha.

Fenda usiifunge bado. Vidole vitatu vile nataka tuvimalize, wewe ushike moto, mimi nishike bati. Ndipo tuirudishe: bolti zote kwa mkono kwanza, tuisogeze mpaka uwazi wa pale mlangoni uwe sawa juu mpaka chini, spana mwisho.

Kesho saa tatu nitafika. Nikisimama nje ya geti muda mrefu, usiningoje. Toka unichukue.

Baba yako