Jibu Langu Kuhusu Mfumo Mpya na Mdogo Wetu

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani,
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuinua wagonjwa umepata nafuu. Bado unafanya zamu mbili? Mama anauliza kila siku unakula saa ngapi, kana kwamba nikimjibu ataweza kukupakulia. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamgomea asubuhi, lakini yakishapata moto hakuna wa kumkalisha chini. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo sababu nimechelewa kukujibu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne. Umeongea kwa upole kama kawaida yako, lakini maneno yote yakikamuliwa yanabaki mawili: nimsamehe mdogo wetu, na nimruhusu aje aniwekee mfumo mpya kwenye kompyuta yangu ya nyumbani, maana huu wa zamani walioutengeneza wametangaza kwamba hawautunzi tena. Amekuambia nimenuna kwa sababu nilihamishwa kazini, na kwamba mambo mapya yananitisha. Sawa, hayo ni yake. Sikiliza na yangu, halafu nitakupa jibu.

Wewe hujawahi kufika ofisini kwetu, kwa hiyo kazi yangu unaijua kwa kusimuliwa tu. Chumba changu kilikuwa cha mwisho kwenye korido, mkabala na stoo ya mafaili. Kesi za wafanyakazi na waajiri zinasikilizwa chini, zinarekodiwa, mimi naletewa rekodi naziandika neno kwa neno. Miaka kumi na tisa. Masikioni hedifoni, mguuni pedeli: nikikanyaga mbele sauti inakwenda, nikikanyaga nyuma inarudi. Vidole kwenye kibodi. Na katikati ya yote yuko Bwana Pua, programu inayonisomea kilichoko kwenye skrini. Nilimpa jina hilo kwa sababu anaongea kama mtu mwenye mafua yasiyopona. Lakini Kiswahili anakitamka sawasawa, na mimi nilimzoea kiasi kwamba nilimwongeza kasi mpaka wenye macho wakiingia chumbani wanadhani ni mashine imeharibika.

Pale kazini waliniita Masikio. Mimi sikuona tusi. Shahidi akikohoa niliandika amekohoa. Akilia niliandika analia. Mawakili wa pande zote mbili walikuwa wakibishana juu ya kila kitu isipokuwa nilichoandika.

Sasa mdogo wetu. Kazi pale nilimwombea mimi, na hilo unalijua, ulikuwa ukinipigia simu kila wiki kuuliza amepata au hajapata. Nilikwenda kwa mkurugenzi mara tatu na fimbo yangu nyeupe, nikajidhalilisha, nikasema mdogo wangu amesomea kompyuta na hana wa kumshika mkono. Akachukuliwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Wote wakamwita Fundi, na mimi mwenyewe nikawa namwita hivyo mbele za watu, nikijisikia fahari.

Mwezi wa tano tukaanza kupata tangazo. Kila ukiwasha kompyuta, Bwana Pua ananisomea kwamba mfumo huu utafikia kikomo, tafadhali hamia mpya. Mkurugenzi akaitisha kikao cha wafanyakazi wote. Akasema kompyuta zote ishirini na tatu zitabadilishwa kwa pamoja, mwisho wa wiki mmoja, ili kazi zisisimame. Nikanyoosha mkono. Nikauliza kama programu yangu ya kusoma na pedeli yangu vitakubaliana na huo mfumo mpya, maana vyote viwili ni vya siku nyingi.

Na hapa nataka uelewe vizuri, Dada. Mkurugenzi hakunilazimisha. Alisema kama nina shaka, kompyuta yangu itaachwa na mfumo wa zamani, itatolewa kwenye mtandao, na watakuwa wananiletea rekodi kwa mkono. Uamuzi ni wangu, akasema. Kisha akamgeukia Fundi, akamuuliza yeye kama mtaalamu anasemaje.

Fundi akajibu, "Vitafanya kazi tu."

Nikasema basi, nakubali, ibadilishwe na yangu. Watu wakapiga makofi. Yule mama wa mapokezi akanigusa bega, akasema una bahati kuwa na ndugu humu ndani.

Wiki mbili baadaye, Jumatatu asubuhi, nikaingia chumbani kwangu, nikatundika pochi, nikawasha. Nikasikia feni ya kompyuta inazunguka. Nikasubiri. Nikadhani hedifoni imechomoka, nikapapasa waya mpaka mwisho, iko mahali pake. Nikabonyeza vitufe ninavyovijua. Kimya. Nikakanyaga pedeli. Kimya. Niliwahi kupofuka mara moja, nikiwa na miaka kumi na mmoja, na wewe ndiye uliyekaa na mimi na kunisomea vitabu vya shule mpaka sauti ikakukauka. Jumatatu ile nilipofuka mara ya pili, na aliyekuwa na ufunguo alikuwa vyumba viwili kutoka kwangu.

Alikuja, akagongagonga kibodi, akasema nimpe siku moja. Ikawa wiki. Akapata programu nyingine ya kusoma, lakini Kiswahili ilikisoma kama mgeni aliyeshuka jana, ikavunja maneno vipande, majina ya watu ikayafanya kichekesho. Pedeli haikutambulika kabisa. Nikaomba nirudishiwe mfumo wa zamani. Akasema walifuta kila kitu, haurudi. Rekodi zikarundikana mezani. Wiki ya tatu nikasikia watu wakija kuzikusanya kwenye boksi. Zilikuwa zinapelekwa kwa kampuni ya nje.

Halafu ikaja barua ya mkurugenzi. Dada, nacheka mpaka leo, ingawa si kicheko cha furaha. Waliichapa kwenye karatasi, wakaitia kwenye bahasha, wakaileta mezani kwa mtu asiyeona. Na aliyetumwa kuja kunisomea ni Fundi.

Akasoma kwa sauti ya darasani. Kwamba kwa kuthamini mchango wangu wa muda mrefu, nimehamishiwa mapokezi kusaidia kupokea simu, kuanzia tarehe moja. Kwamba mabadiliko ya mfumo yalifanyika kwa kunishirikisha kikamilifu, na mimi mwenyewe nikaridhia. Alipofika hapo aliharakisha. Nikamwambia arudie hiyo sentensi. Akarudia.

Nikamuuliza swali moja tu. Nikamwambia, "Ulijaribu kabla ya kikao?"

Akaikunja ile barua. Kisha akasema, "Nilijaribu Ijumaa iliyotangulia. Haikuongea."

"Ukanyamaza."

"Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule, dada. Mkurugenzi alishawaahidi wakubwa kwamba zote zitabadilishwa, hakuna itakayobaki. Ningesema yako haiwezi, ningeonekana nakupendelea. Nilidhani nitapata njia."

Mkataba aliupata. Wa miaka miwili sasa, si mmoja. Hilo nadhani hakukuambia.

Kwa hiyo siku hizi nakaa mapokezi. Simu ikilia nasema habari za asubuhi, nikuunganishe na nani. Mama wa mapokezi ni mwema, ananivutia kiti, ananielekeza vitufe kama vile sijawahi kugusa kitufe maishani. Mawakili wakipita wananisalimia kwa sauti kubwa, kama watu wasalimiavyo wagonjwa. Juzi mmoja alisimama akalalamika kwamba maandishi ya hiyo kampuni ya nje yana makosa kila ukurasa, akaniambia tunakukumbuka sana. Nikamshukuru, nikamuunganisha na chumba namba sita.

Mama hajui chochote. Anajua nimebadilishiwa ofisi. Jumapili zinapita, anauliza mbona mwenzako haji, nami namwambia ana kazi nyingi. Leo tena amemwekea chakula chake pembeni, na jioni nitakila mimi ili asikione kimebaki.

Sasa kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, na nakuambia wewe kwa sababu wewe ndiye unayenitaka nisamehe, kwa hiyo ujue ninachosamehe ni kipi na cha nani.

Rekodi ya kikao kile ililetwa kwangu niiandike. Ilikuwa kazi yangu, na mfumo wa zamani ulikuwa bado upo. Nikafika pale mkurugenzi anapomuuliza Fundi anasemaje. Siku ya kikao, katika minong'ono ya watu, nilisikia jibu tu. Kwenye hedifoni nikasikia kilicholitangulia. Alimeza mate. Akagonga kalamu mezani mara mbili. Akavuta pumzi kwa pua, ile pumzi fupi, wewe unaijua, aliyokuwa akiivuta alipokuwa mdogo akiulizwa nani amemwaga maziwa. Nikakanyaga pedeli nyuma. Nikasikiliza tena. Nikarudisha mara ya tatu.

Miaka kumi na tisa, kila shahidi aliyesita kabla ya kujibu, mimi niliandika kwamba amekaa kimya kwanza. Kesi zimewahi kugeuka kwa neno hilo moja. Lakini kusita kwa mdogo wangu sikukuandika. Niliandika swali, nikaandika jibu, nikahifadhi. Nilikuwa na siku tisa za kwenda kusema nimebadili mawazo, iacheni yangu. Nilikunywa chai yangu nikajiambia ni uchovu, mtoto yule hawezi.

Hasira yangu, basi, ina pande mbili, na upande mmoja unanielekea mimi. Usidhani silijui hilo. Lakini mimi nilijidanganya kwa kumpenda. Yeye alinidanganya kwa kujipenda. Sitakubali mtu anipimie vitu hivyo viwili kwenye mzani mmoja, hata wewe.

Kuhusu mambo mapya kunitisha, huo ni uongo mwingine. Wiki iliyopita nilikwenda kwenye chama chetu cha wasioona kumwona mwalimu wa kompyuta, ambaye naye haoni tangu kuzaliwa. Nilimweleza yote. Hakunivisha kilemba cha ukoka. Alisema mfumo wa zamani nikiung'ang'ania, mwaka kesho nusu ya kurasa zitakuwa hazinifungukii, na siku virusi vikiingia hakuna wa kuvitoa. Alisema mfumo mpya una programu ya kusoma yenye Kiswahili kizuri, ila vitufe vyake ni vingine na nitahitaji miezi minne mpaka vidole visahau vya zamani. Pedeli mpya ipo, inaagizwa. Nikamuuliza kama ofisini jambo hili lingewezekana. Akasema lingewezekana tangu siku ya kwanza, kama mtu angekuja kuuliza kabla. Ofisi yake iko mitaa miwili kutoka kazini kwetu, Dada. Fundi hupita hapo akienda kununua chakula cha mchana.

Nilirudi nyumbani kwa miguu siku hiyo. Sikutaka kukaa karibu na mtu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mfumo nitaubadilisha. Jumamosi ijayo mwalimu atakuja, atanakili kila kitu kwanza, atauweka mpya kwenye diski nyingine, na mimi nitakaa hapo niujaribu kwa masikio yangu kabla ya kufuta ule wa zamani. Nikishaujua, nitamwandikia mkurugenzi anipe rekodi moja anipime na hiyo kampuni yake. Akikataa, nitaandika kwa walio juu yake. Sitaandika jina la Fundi. Si kwa huruma. Sitaki tu kurudishwa kwenye kiti changu kwa kumwangusha yeye kwenye chake, halafu Mama aje anihesabie.

Ila Fundi hatagusa kompyuta yangu. Wala asikutume tena. Kama ana neno, nyumba anaijua na mlango anaujua. Akija nitamfungulia, nitampakulia, na mbele ya Mama nitaongea naye kama kawaida. Kumwamini ndiyo kazi iliyonishinda, na sioni dalili kwamba nitaiweza hivi karibuni. Kama huo ndio msamaha unaouomba, chukua. Kama ulitaka ule wa kusahau, mimi sina, na usiniombe mara ya pili, maana nitakujibu vibaya na wewe ndiye dada pekee niliye naye.

Nisamehe kwa barua chungu. Nilitaka kukuandikia habari za bustani ya Mama na mapazia mapya, yakakosa nafasi.

Nisalimie sana shemeji, mwambie ile redio ndogo aliyoileta bado Mama analala nayo. Nisalimie mpwa wangu mkubwa, asome kwa bidii, na yule mdogo mwenye maswali mwambie mama mdogo anayasubiri yote kwa simu. Mama anakusalimu na anakubariki. Mungu akutunzie mgongo na mikono, na akupe watu watakaokuambia ukweli hata unapowauma wao.

Mdogo wako akupendaye daima,
yule wa katikati.