Makosa Ninayoyapanda kwa Siri

Mafubira, Jinja
Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Hapa kazini mimi ndiye ninayetia makosa kwenye programu. Bosi analijua hilo, maana ndiye aliyenituma. Asilolijua, na sijamwambia mtu yeyote, ni kwamba mara ya kwanza niliyatia mepesi makusudi.

Nisamehe kwa kutanguliza hilo mbele ya salamu. Ningeanza na salamu ningekosa ujasiri. Assalaam alaikum, Mama. Goti bado linakusumbua, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Na Baba, kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila chakula hakipiti. Kwa simu siwezi kusema haya, kwa sababu unaweka sauti juu na nyumba nzima hapo Nkoma inasikiliza.

Nikueleze kazi yenyewe. Tunatengeneza programu ya zahanati moja ya Bugembe. Muuguzi anaandika jina na uzito wa mtoto, kompyuta inamwambia kipimo cha dawa. Safina na Wafula ndio wanaoijaribu na kutafuta makosa kabla haijatoka. Lakini bosi wetu, Bwana Isabirye, anataka kujua macho yao yanaona kiasi gani. Ni kama wewe unapochambua mchele. Mtu akichanganya humo mawe aliyoyapaka rangi, ukamaliza kuchambua, akakuta nusu ya mawe yake bado yamo, atajua kwamba hata yale mawe ya shambani huenda umeacha nusu. Hayo mawe ya rangi ndiyo ninayoyatia mimi. Mwisho tunayaondoa yote.

"Wewe huongei," bosi aliniambia. "Hakuna atakayekushuku."

Safina ni mtoto wa Mbale kama mimi. Siku yangu ya kwanza niliposhindwa hata kutaja jina langu mbele ya watu, yeye ndiye aliyelitaja, kisha akanigawia chapati yake. Mkataba wake unakaribia kwisha, na bosi alisema ataangalia kwanza wamepata makosa mangapi. Basi nikatia ya kuonekana waziwazi: kitufe kisichobonyezeka, tarehe iliyogeuzwa.

"Bibi yangu ana mtoto wa jicho," Wafula alicheka, "na hili angeliona!"

Waliyapata yote. Bwana Isabirye akafurahi, akasema Jumatatu programu inakwenda Bugembe. Mama, hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Hesabu ilikuwa inasema watu hawa hawapitwi na kitu, na mimi ndiye niliyeifanya hesabu iseme uongo. Dawa wangepewa watoto wa watu.

Jioni ile mwenye nyumba wangu, Mama Tenywa, alinichungulia mlangoni. "Maliamu, wewe nakula kidogo sana. Iko shida gani?"

Maliamu. Ananiita hivyo badala ya Mariam tangu nilipohamia, wala sijawahi kujali. Asubuhi niliwahi ofisini, nikaandika mtoto anaitwa Mariam, nikampa dawa, kisha nikamtafuta kwa jina la Maliamu. Kompyuta ikajibu kwamba mtoto huyo hajawahi kufika. Ilikuwa tayari kumpa dawa ileile mara ya pili. Kosa hilo sikulitia mimi. Lilikuwamo siku zote, na sisi sote tunasikia majina yakitamkwa hivyo kila siku.

Nilimwonyesha Bwana Isabirye. "Bosi, naomba nitie mengine. Yale yalikuwa mepesi."

"Kwa nini ulitia mepesi?"

"Nilikuwa sijajua kazi vizuri."

Aliniangalia mpaka nikainamisha kichwa. Kisha akachukua simu, akawaambia wa zahanati wasubiri.

Mara hii nimetia magumu, na wameona machache. Wameshaambiwa kwamba kuna mtu anayatia, ila hawajui ni nani. Ijumaa bosi alisimama mbele ya meza zao. "Mtoto akinyweshwa dozi ya mtu mzima, nani atajibu? Wewe, Safina?"

Alipoondoka bosi, Safina akanivuta mkono. "Huyo anayetutegea ana roho mbaya, wallahi. Siku nikimjua! Njoo ukae hapa Mariam, tutafute pamoja, bambi, nakuomba."

Nikakaa. Mama, kosa langu baya kuliko yote liko kwenye nusu kilo. Programu inaimeza nukta, kwa hiyo mtoto wa tisa nukta tano anahesabiwa kuwa wa kilo tisini na tano. Safina aliandika tisa, akaandika kumi, akaandika kumi na mbili. Kidole chake kikagusa nukta. Akafuta, akaandika kumi na nne.

Ningekohoa tu, angeelewa. Lakini nikimsaidia, hesabu itasema uongo tena, na yale ambayo hakuna anayeyajua, kama lile la Maliamu, yatakwenda Bugembe. Niliuma ulimi. Tulikaa hivyo bega kwa bega mpaka wakafunga ofisi, na nusu kilo hajaiandika. Kesho anaendelea. Niombee dua, Mama, na umwombee Safina. Nataka aione mwenyewe, na ninaogopa hataiona.

Nisalimie Baba, na mdogo wangu Hamza, asiache kusoma kwa ajili ya mpira. Bibi mwambie leso yake ndiyo ninayojifunika kila usiku. Umsalimie na Hajati Zamu jirani yetu, lakini hapo uwe mwangalifu, kwa sababu ni shangazi yake Safina na wanaongea kila siku. Akikuuliza ninafanya nini Jinja, mwambie ninakaa kwenye kompyuta, basi.

Ni mimi binti yako,
Mariam

Hata Baba usimwambie. Nimezoea kunyamaza, lakini hili limenizidi. Tunyamaze wawili.