Dawa ya Kungoja

Kilwa Kivinje, 12 Mei 1952

Kwa Bwana Bakary, mashamba ya mkonge, Tanga.

Salamu. Huku kuku mweupe ametotoa, na paa la jikoni limeezekwa upya.

Miaka saba unaandika "nakuja mwezi ujao", na miaka saba nikisikia lori nakimbilia mlangoni. Kichwa kikaniharibika. Nilitia mchuzi chumvi mara tatu, nikapoteza hesabu ya rakaa, siku moja nikasahau jina la mwanetu Ziada. Dresa wa zahanati akaniambia kungoja ndiko kunakonila ubongo, niache.

Basi barua yako ya Desemba, kwa kuwa humu ndani ni mimi tu ninayejua kusoma, nilimsomea mama yako kwamba umekufa. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Tulikusomea hitima, na pilau lilitosha watu wote. Tangu siku ile nalala fofofo.

Juzi nimetoka eda. Rakaa zangu nazikumbuka zote. Sasa mama yako ndiye anayesahau. Kila asubuhi huniuliza utarudi lini, nami kila asubuhi namwambia umekufa, naye hulia kama ndiyo kwanza anasikia.

Mjane wako,
Kazija binti Mfaume