Niliacha Kompyuta ya Ofisi Wazi, Mwenzangu Ndiye Anayelaumiwa

Mpendwa Mma Tshenolo,

Naomba unisaidie maana nimeshikwa pabaya na sina wa kumwambia, kwa sababu mtu ambaye humwambia kila kitu ni mke wangu Kelebonye, na tangu apate kiharusi mwaka jana daktari ametuonya tusimtie wasiwasi.

Mimi nachora ramani za visima vya mifugo katika kampuni ndogo huko Gaborone, na Kelebonye alipougua tulirudi hapa Serowe kwa mama yake, bosi wangu Mma Ditiro akanikubalia nifanyie kazi nyumbani, jambo ambalo hajamkubalia mtu mwingine, na kwa kuwa programu ya ramani ni nzito na inataka ile kompyuta kubwa ya Linux iliyoko ofisini, niliweka VNC, yaani njia ya kuiona skrini ya ofisini na kuiendesha nikiwa huku kana kwamba nimeketi mbele yake. Mma, ilinitesa hiyo, mara skrini inakuja ya kijivu tupu, mara inakataa nenosiri, na siku ya kuhama ilikuwa imefika, gari limeshapakiwa, basi nikaliondoa nenosiri kabisa, nikafungua njia kwenye ruta ya ofisi ili niingie moja kwa moja kutoka mtandaoni, nikajiambia nitarekebisha nikishatulia. Ikafanya kazi vizuri, nikasahau.

Juzi asubuhi nilikuwa namlisha Kelebonye uji, yeye ameielekea skrini, mara akaacha kumeza. Siku hizi anaongea polepole.

"Rra," akaniita kwa heshima kama kawaida yake, "nani anachora ramani yako?"

"Hakuna mtu. Programu inajipakia tu."

"Mashine haisiti hivyo," akasema. "Huyo anatafuta kitu."

Nikageuka. Kishale kilikuwa kinatembea peke yake, folda za wateja zinafunguliwa moja baada ya nyingine, kisha likatokea dirisha jeusi la kuandikia amri na herufi zikaanza kuingia. Nikachomoa waya wa intaneti hapa kwangu, mpumbavu mimi, maana kompyuta yenyewe iko Gaborone, kwa hiyo nilichofanya ni kujifumba macho huku yule mtu akiendelea. Nikampigia Gaolathe, ambaye meza yake iko karibu na yangu, nikamwambia mashine imeganda, aizime haraka. Akaizima. Sikumwambia sababu.

Kumbe Mma Ditiro alikuwa ameiachia kompyuta hiyohiyo ipige hesabu za maji ya mradi mkubwa, kazi ya wiki nzima, zote zikapotea, na Gaolathe akafokewa mbele ya ofisi nzima. Akanipigia: "Oteng, mwambie bosi ni wewe uliyeniomba." Nikasema nitamwambia. Sijamwambia. Sasa wananiuliza kama waiwashe, na mimi naogopa kwamba nikisema ukweli ruhusa yangu itafutwa, nitatakiwa Gaborone, na hapo nani atamwinua Kelebonye kitandani, wakati mama yake mwenyewe anatembea kwa mkongojo? Au niseme waiwashe, niizibe ile njia kimyakimya, yaishe?

Oteng, Serowe

*

Oteng, ndugu yangu,

Wasomaji wajue kwamba sikungoja gazeti litoke. Nilipomaliza kusoma barua yako nilikupigia simu, na haya nayaandika kwa ruhusa yako, kwa ajili ya wengine wenye milango iliyoachwa wazi kama huo wako.

Pole sana. Mtu anayemuuguza mkewe, anayehama nyumba na kushindana na skrini ya kijivu kwa wakati mmoja, akili yake haijatulia, na sikushangai kwa kuchukua njia ya mkato. Nakulaumu kwa yaliyofuata. Uliniambia, "Mma, humjui Mma Ditiro." Ni kweli, simjui. Ila Gaolathe namjua kupitia barua yako: ni mtu aliyeinuka mezani bila kuuliza swali kwa sababu wewe ulisema haraka. Huyo ndiye umemwacha afokewe.

Na Kelebonye, unamficha nini? Yeye ndiye aliyemwona mgeni huyo wakati wewe unasema ni programu. Mwili wake umepungukiwa nguvu, akili yake iko palepale. Mtu anayeona kishale kimenyakuliwa halafu mumewe anasema hakuna kitu, huyo ndiye anayepata wasiwasi. Mweleze.

Kuhusu mashine, nilimuuliza Rra Moatlhodi, ambaye kazi yake ni kutunza kompyuta za aina hii, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Wasiiwashe ikiwa na waya wa mtandao." Kuziba njia kimyakimya hakutoshi, kwani aliyeingia huenda ameacha mlango wake mwingine ndani. Zinakiliwe ramani, zilinganishwe na nakala za zamani ili ijulikane kama kuna kisima kilichohamishwa, halafu mfumo wote ufutwe na kuwekwa upya, na kila nenosiri lililopita humo libadilishwe. Ile njia kwenye ruta ifungwe. VNC irudishiwe nenosiri na ipangwe isikilize kompyuta yenyewe tu, isimjibu mtu wa nje. Wewe utaifikia kwa kupitia SSH, ambayo ni kama bomba lililofungwa pande zote, yanayopita ndani hayasomeki, na utaingia kwa ufunguo, yaani faili la siri lililo kwenye kompyuta yako, lenye nenosiri lake, ili mtu asiingie kwa kubahatisha. Ukienda kumlisha mkeo, funga skrini.

Nilikwambia umpigie Mma Ditiro kabla ya chakula cha mchana. Ukasema, "Akinifukuza je?" Nikakujibu kwamba anaweza, na kwamba utampigia hata hivyo.

Ulimpigia. Amekasirika, kama ulivyotarajia, na kilichomuudhi zaidi, kwa maneno yake mwenyewe, ni zile siku ulizomwacha akimfokea mtu asiye na kosa. Ramani zimekutwa salama. Ndani ya mashine kulikuwa na programu ngeni iliyokuwa ikigonga milango ya kompyuta za watu wengine, kwa hiyo ni vizuri hukuruhusu iwashwe. Ruhusa yako imebaki, kwa masharti kwamba Rra Moatlhodi aikague njia mpya kabla hujaitumia, na kwamba zile hesabu uzirudie wewe. Zirudie bila kunung'unika.

Gaolathe, unaniambia, amesoma ujumbe wako wa kuomba radhi na hajajibu. Usimtumie mwingine. Alifokewa mbele ya watu, na kuombwa radhi kwenye simu peke yake hakumrudishii kitu. Mpate dada wa Kelebonye akae naye siku moja, upande basi uende Gaborone, usimame katika ofisi hiyohiyo wote wakisikia, useme kwamba aliizima kwa sababu wewe ulimwomba. Akikupa mkono, shukuru. Asipokupa, umeshasema kilichotakiwa kusemwa, urudi nyumbani kwa mkeo.

Mma Tshenolo