Jua Uliloliweka kwenye Boksi

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Nimeitikia mwenyewe, maana shikamoo yako sijaisikia mlangoni kwangu tangu mpunga wa Magu ulipovunwa, na sasa watu wanapanda mwingine. Musoma imekuwa Ulaya? Basi linatoka kwenu asubuhi, mchana watu wameshashuka stendi ya Buzuruga wanatafuna mahindi ya kuchoma. Wanakuja wauza mitumba, wanakuja wagonjwa, wanakuja hata walevi. Wewe tu ndiye barabara imekushinda. Nina hasira na wewe mpaka chai hainishuki.

Anayeandika ni jirani yangu Mwalimu Koku, yule Mhaya mstaafu. Shule mimi sikuiona, unajua. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshee maneno. Ameniuliza, "Hata matusi, mama?" Nimemwambia hata matusi. Bahasha nimeikataa. Kondakta wa basi atakayekuletea akitaka kusoma asome, na mama yeyote mwenye mtoto wa ngozi isiyo na rangi kama yako ikimfikia asome. Aibu haijawahi kuponya kidonda.

Nimeshalitaja hilo neno, kidonda. Sasa nisikilize.

Unakumbuka siku tulipofungua sanduku la bati la babu yako? Wewe ulikuwa umeanza kazi yake ya picha, ukataka kuona kamera aliyoachiwa na yule mzee wa Kihindi aliyemfundisha, siku mzee anafunga studio yake mjini. Kamera ilikuwa nzima, lakini ile lenzi, Mungu wangu! Ilikuwa rangi ya chai iliyosahaulika jikoni. Ukaniuliza, "Bibi, babu alikuwa anavuta sigara?" Nikakwambia babu yako alikuwa anakohoa hata kwa moshi wa kuni. Ukanipiga picha nayo, nikatoka wa njano kama mgonjwa wa ini. Tukacheka mpaka ukakaa chini.

Halafu ukasoma kwenye simu yako, na kicheko kikakuisha. Ukaniambia zamani waliotengeneza lenzi kama zile walichanganya kwenye kioo madini yenye mionzi, ili picha itoke safi, na hiyo mionzi ndiyo inakipaka kioo rangi kutoka ndani, polepole, kikifungiwa gizani. Niliruka kwenye kigoda. "Mionzi! Na mimi nimelala juu ya hilo sanduku miaka yote hii?" Ukasema, "Ni kidogo, Bibi. Tusikiweke karibu na kitanda tu, na kisivunjwe wala kusagwa kikawa vumbi." Ukavaa glovu. Ukaiweka lenzi kwenye kopo la maziwa, ukanawa mikono mara mbili kama mtu anayetoka kuzika.

Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo, Kabula. Ulikiogopa kioo.

Ukasema dawa yake ni jua. Nikakwambia, jua ni langu, wewe kaa ndani. Nani alikulea kwa kulikwepa jua kama si mimi? Nilikupeleka kuoga ziwani kabla halijachomoza. Nilikushonea mikono mirefu watoto wakakuita padri. Nilikwenda shuleni kugombana na yule mwalimu aliyekuvua kofia mstarini, na nilimwambia neno ambalo Mwalimu Koku hapa anakataa kuliandika. Na ile miaka mibaya, watu walipokuwa wanawawinda watoto kama wewe kwa mapanga, mkeka wangu niliutandika kizingitini mwa chumba chako. Binadamu nilijua kumzuia. Jua nilijua kulizuia. Nikajisifu kwamba nimemaliza kazi.

Ile lenzi tuliianika kwenye jiwe letu la nyuma, pamoja na michembe yangu, viazi vitamu vya kukausha. Mimi juani na upawa wa kufukuzia kuku, wewe nyuma ya mlango unapiga kelele: "Igeuze, Bibi! Upande mwingine uangalie juu!" Nikaigeuza. Mara naona moshi. Imekusanya jua lote mahali pamoja, imetoboa gunia, na michembe mitatu imekuwa makaa. "Bibi, inapika!" Ulicheka ukiwa kivulini, nami nilikutukana nikiwa juani, na sijawahi kuwa na furaha kama siku zile. Tukaizungushia karatasi ya fedha, ile ya kufungia kuku, tukaiweka kwenye sinia. Kila jioni uliileta juu ya kanga yangu nyeupe kuitazama. Ile rangi ya chai ikawa ya majani ya limao. Majani ya limao yakawa maji. Zilipita wiki kama tatu. Uliponipiga picha tena, nikajiona mweusi wangu mwenyewe, ukasema, "Umerudi, Bibi."

Ndipo watu wakaanza kukutumia lenzi zao huko Musoma, kutoka Arusha, kutoka Dar. Nilifurahi. Kazi ya kivulini, nikasema, kazi iliyoumbwa kwa ajili yako.

Halafu nikaja kukutembelea masika ile, mvua haikati, jua hakuna. Nikakuta boksi mezani. Umelibandika karatasi ya fedha ndani, lenzi nne zimekaa kama mayai, na juu yake taa ya zambarau. Upande mmoja umeuacha wazi ili uone zinavyoendelea. Wewe umekaa palepale na kazi zako nyingine, sikio la kulia limeelekea boksi, kofia umeitundika ukutani. Nilipoinama kuchungulia, kitambaa changu cheupe kikawaka. Kabula, kiliwaka kama kina moto usio na moshi, na meno yako yakawaka, na ile kola ya shati lako.

Nikauliza, "Hii taa ni nini?"

Ukasema, "Ni ile sehemu ya jua inayosafisha kioo. Joto halina."

"Ile inayokuunguza wewe?"

Ukacheka. "Bibi jamani! Ni taa ya saluni, ya kukausha rangi za kucha. Wasichana wanaingiza vidole humo kila siku."

Wasichana gani? Wenye ngozi ipi? Hilo ndilo nilitakiwa kuuliza. Lakini nilijiangalia, mzee asiyejua hata kuandika jina lake, nikasema huyu amesoma, atakuwa anajua. Nikanyamaza. Mimi! Niliyemvaa mwalimu, niliyelala kizingitini, nikanyamazishwa na taa ya kucha. Nilikunywa uji wako, nikapanda basi, nikakuacha umekaa nayo. Dhambi hiyo ni yangu, na sitakuachia uibebe.

Nikueleze kitu ambacho sikukueleza ulipokuwa mdogo, sikutaka ukue nacho. Nilikuwa na kaka, Masanja, mwenye ngozi kama yako. Alilima pamba Magu, kichwa wazi, hakuna aliyetuambia. Akatoka kidonda kwenye sikio, kidogo kama punje ya mchele. Akasema ameumwa na mdudu. Akakipaka samli. Kikakauka, kikatoka tena. Akaanza kuvaa kitambaa kichwani hata ndani ya nyumba, na mkewe akimuuliza anasema ni baridi. Pamba iliyofuata hakuivuna. Mimi ndiye niliyekuwa namwosha kile kidonda, najua kilivyokuwa kinanuka, na najua alivyokuwa anaomba msamaha kwa harufu yake mwenyewe.

Sasa turudi kwako. Ulinipigia simu ya picha, jioni, umekaa kitandani kwako, mlango umefungwa, na kofia umeivaa. Umeishusha mpaka kwenye shavu, upande wa kulia. Nikakuuliza, ukasema upepo wa ziwa. Upepo gani unaingia mlango ukiwa umefungwa? Tangu siku ile simu zako hazina picha tena, mara bando limekwisha, mara kamera ya simu imeharibika. Mpiga picha mzima! Na kuja huji. Unadhani macho yangu yamezeeka kuliko yalivyozeeka. Hujanikasirikia, Kabula. Unanificha sikio.

Nimekwenda na Mwalimu Koku kwa nesi wa ngozi. Hakutucheka. Amesema kwa ngozi ya Kabula, hata ile sehemu ya jua isiyo na joto si rafiki, na kukaa nayo karibu kila siku si jambo la kufanya. Ameuliza kama unavaa miwani ukichungulia humo, nikaona haya kujibu. Nikamuuliza kama ni taa ndiyo iliyofanya. Amesema hawezi kujua, labda taa, labda jua la utotoni lililonipita vidoleni, na hawezi kusema chochote kuhusu sikio ambalo hajaliona. Lakini kidonda kinachokauka na kurudi, amesema, kikiletwa mapema kinakatwa, mtu anarudi nyumbani. Kikicheleweshwa, akanyamaza. Mimi ule unyamavu naujua. Niliusikia Magu.

Kazi yako siikatazi. Hiyo taa izime leo, kabla hujaikunja barua hii. Lenzi zilizomo zifunge kwenye kitambaa, moja moja, mpe kondakta. Jiwe lipo, jua lipo, na ngozi yangu ilishaiva zamani. Nitazigeuza, nitafukuza kuku, na zikiunguza gunia nitanunua jingine. Wateja wakilalamika kwamba zinachelewa, wape namba ya Mwalimu Koku niongee nao. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba kioo kikifungiwa gizani njano inarudi, maana kinachoileta hakijatoka humo. Basi tutakirudisha juani tena na tena, mimi nikifa atakianika mwingine. Sikio lako sina la akiba.

Nakuogopea. Nikisikia mlango wa jirani nadhani ni habari yako imeletwa. Nakupenda kwa hasira, na hasira hii haitaisha mpaka nikuone umesimama mbele yangu, mzima au mgonjwa, vyovyote ulivyo. Hutanikuta nalia. Kulia nitalia baadaye, na Mwalimu Koku ameahidi kunisindikiza.

Daktari wa ngozi anaingia Jumanne. Panda basi la kwanza, vaa mikono mirefu, kaa upande usio na jua. Nitakuwa stendi ya Buzuruga kabla hujafika. Usipite nyumbani, na chakula utakula tukitoka. Na hilo sikio usilipake kitu, wala poda wala samli. Lilete lilivyo.

Bibi yako wa Igogo