Karata Zako Zimenishinda, Nafula

Dada Nafula,

Karata zako zimenishinda, na leo nimekukasirikia. Nisamehe nikianza hivyo.

Tulipoenda kutoa vitu vyako kwa ile nyumba ya Bungoma, Mama alichukua nguo, mimi nikabeba sanduku la vitabu vyako vya kufundishia. Ndani nikapata sidii tatu za kufundisha kiinimacho cha karata. Nikaketi kitandani kwako nikizitazama. Miaka yote hiyo, kila Krismasi pale Sirisia, Mama anachagua karata, anairudisha katikati, wewe unazichanganya na kumtolea ileile. Nikikuuliza unasema, "Si ni mikono tu, Wanyonyi." Kumbe ulifundishwa na televisheni. Ungeniambia tu.

Nilizileta hapa Kitale, nikawa naziweka kwenye televisheni ya duka langu la kinyozi asubuhi kabla wateja hawajaanza kuja. Huyo mzungu anayefundisha anaongea mbio. Anasema kidole kidogo kishike pengo mahali karata iliporudi, na hicho kidole chenyewe hukioni. Tena amenielekea, mkono wake wa kushoto uko upande wangu wa kulia. Nikageuza televisheni iangalie kioo cha wateja, nikawa namfuata kwenye kioo. Nilipoanza kuelewa, sidii ikaanza kuruka palepale anapokata karata. Siku nyingine stima inapotea. Wiki sita, dada. Mikono hii inanyoa ndevu za watu bila kumkwaruza mtu, lakini karata zinaniponyoka na kumwagika kwenye nywele sakafuni.

Nilikuwa na haraka kwa sababu ya Mama. Tangu tukuzike hacheki. Anakula matonge mawili, anasema ameshiba. Nikafikiri nikimfanyia ule mchezo wako, hata mara moja...

Jumapili iliyopita nikaenda Sirisia. Tukiwa mezani baada ya kanisa, nikamwambia achague. Akachagua, akairudisha. Nikachanganya, nikatoa nane ya maua. Akatikisa kichwa. Nikatoa nyingine. Siyo. Ya tatu ikaanguka kwenye mboga. Nilitaka kuzitupa zote kwa moto, Nafula.

Mama akaipangusa ile karata na leso yake. Akanishika kidole kidogo, akakisogeza nyuma. "Hapa," akasema. "Unakibana sana, kinaonekana."

Nikamuuliza amejuaje.

"Dada yako alikuwa anafanya mazoezi mbele ya nani kila likizo, kama si mimi? Alikosea hapo miaka miwili. Siku moja hata alilia."

Kumbe kila Krismasi alikuwa anajifanya hajui. Nikamuuliza mbona mlinificha, na sauti yangu haikuwa nzuri. Akasema, "Alinikataza. Alisema wewe ndiye unapenda kushangaa."

Nikachanganya tena. Tulirudia labda mara kumi na zote nikakosa, naye ananiambia polepole, ati nina haraka kama ng'ombe wa kulima asubuhi. Nilipoangalia, sahani yake ilikuwa tupu.

Bado nimekasirika. Ungenifundisha wewe, si huyu mzungu wa kuruka-ruka. Ungekuwepo.

Pumzika, dada. Nakuahidi nitaenda Sirisia kila Jumapili, nikosee mbele ya Mama mpaka nipate. Na nikipata mapema sitamwambia. Nitaendelea kukosea, mradi anikosoe huku anakula.

Ndugu yako,
Wanyonyi