Mkanda Uliobakiza Kilomita Elfu Kumi na Sita

Jumatatu, 4 Machi

Gari limezimika. Saa nne asubuhi, kwenye mteremko wa kuelekea hospitali, na mashuka yote ya nyumba ya wageni yako nyuma — yamepigwa pasi, yamekunjwa, yananukia. Shemeji anasema lilikohoa mara moja, likanyamaza. Basi. Kama mtu aliyekumbuka jambo.

Na yeye, badala ya kunipigia simu, kapiga stata. Kapiga tena. Kisha kaita wapita njia wasukume! Wanaume sita, ananieleza, kana kwamba wingi wa wasukumaji ni sifa ya dereva.

Mashuka yamefika kwa mkokoteni. Moja limeangukia dimbwini. Meneja wa nyumba ya wageni alilinyanyua tu kwa vidole viwili na kuniangalia. Afadhali angetukana.

Mimi udobi huu nilianza na beseni moja na pasi ya mkaa. Leo nina mashine tatu, wafanyakazi watano, na mdogo wa mume wangu kwenye usukani — huyu wa mwisho sikumtafuta, niliwekewa. Nimemwambia mbele ya wote arudishe funguo. Akaziweka juu ya mashine, taratibu, zisilie. Hakubisha. Hilo nalo limeniudhi.

Jumanne, 5 Machi

Gereji. Fundi wetu jina analo, ila mtaa mzima unamwita Fundi Kesho, na hajaonewa. Leo kafungua kifuniko cha plastiki ubavuni mwa injini, kachomoa mkanda. Umekatika. Taimingi belti. Akanieleza kwa sauti ya mtu anayeleta habari ya msiba: chini ya injini kuna pistoni, zinapanda na kushuka. Juu kuna valvu, zinafungua na kufunga. Mkanda ndio unaowapangia zamu. Ukikatika, zamu hakuna. Pistoni inapanda, inamkuta valvu bado kasimama mlangoni.

"Halafu?"

"Halafu wanasalimiana, mama."

Nikauliza wamesalimiana kwa nguvu gani. Hilo, akasema, atajua kesho.

Hakuweza kujizuia kunikumbusha kwamba mwaka jana alishauri tuubadilishe. Alishauri, kweli. Nami nilimjibu kwa hesabu. Mkanda wa gari hili unadumu kilomita laki moja. Nililinunua likisoma elfu sitini na moja. Sasa linasoma themanini na nne. Zimebaki elfu kumi na sita. Hesabu haina undugu na mtu. Mkanda wenye elfu kumi na sita mkononi haukatiki wenyewe. Umekatwa! Kwa mwendo, kwa breki za ghafla, kwa mguu wa kijana asiyejua kitu kinapatikanaje.

Jumatano, 6 Machi

Kesho ya Fundi Kesho imefika. Nusu yake.

Kafunga mkanda wa kujaribia, kazungusha injini kwa spana, mkono wake mwenyewe, taratibu, sikio limeinama kama anayesikiliza ugomvi wa jirani. Kisha katoa plagi zote nne na kuweka kipimo cha pumzi kwenye tundu mojamoja. Mimi nimekaa kwenye usukani, kila akinyanyua kidole napiga stata. Tundu la kwanza — mshale haukutikisika. La pili — ukainuka kidogo, ukaona haina haja. La tatu — ukapanda vizuri. La nne — kimya.

Moja kati ya nne. Mwanangu akileta matokeo ya namna hiyo usiku huo halali kwa amani.

Hedi, yaani kichwa cha injini, lazima ifunguliwe. Ila mambo ya ndugu hayafunguliwi kwa spana, kwa hiyo nimempigia simu baba mkwe. Ndiye aliyeniuzia gari hili. Na ni mtu wa haki. Alikuwa mkaguzi wa mizani hadi alipostaafu. Amefunga maduka ya watu kwa ajili ya gramu ishirini. Gari alilinunua jipya dukani, hakuna mkono mwingine uliowahi kulishika. "Sokoni na kurudi, mkwe wangu, basi," ndivyo alivyonikabidhi funguo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza gari liko gereji ipi. Kisha akasema Jumapili twende wote kwake, atatuamua, na damu yake haitapata upendeleo. Nikamwambia kijana anakana kwamba alikimbiza.

"Njia ya mwongo ni fupi, mama. Aliyevunja alipe."

Mzee huyu! Wangekuwa wanne kama yeye, mahakama zingefungwa. Mume wangu, nilipomsimulia, kageukia ukutani.

Alhamisi, 7 Machi

Hedi imetoka. Imelazwa mezani kichwa chini miguu juu. Fundi akamimina mafuta ya taa kwenye vishimo vyake vinne, akasema tungoje: valvu nzima inaziba, iliyopinda inavujisha. Kishimo cha tatu mafuta yalitulia kama chai kwenye kikombe. Vingine vitatu vilikauka huku tunatazama. Valvu tisa zimepinda, kati ya kumi na sita. Na juu ya pistoni, alama ndogo kama kucha iliyobonyezwa kwenye sabuni. Hapo ndipo waliposalimiana.

Nikauliza nilichokuja kuuliza: ngapi za mkanda, ngapi za kusukuma? Nilitaka mgawanyo, niende nao Jumapili. Fundi kasema wale wanaume sita hawana dhambi, walisukuma maiti. Mkanda ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, madhara yanaisha kabla dereva hajaondoa mguu. Awe nani. Hata ningekuwa mimi.

"Haya. Na kuukata je? Si mwendo wake?"

Akaweka spana chini. Akanipa mkanda. Nikaukunja — ukalia kama biskuti. Mgongo unang'aa, maandishi yamefutika, kila baada ya jino kuna ufa. Kasema huu ndio mkanda gari lilizaliwa nao. Boliti za pale hazikuwa zimeguswa kabla yake, rangi ya kiwandani ilikuwa bado imeziba vichwa vyake. Ila mkanda wa elfu themanini na nne hauzeeki hivi. Akaingia garini akanigusisha pedali ya breki. Mpira umelika, chuma kinaonekana. Miaka miwili nimeukanyaga! Mguu wa sokoni na kurudi, kasema, haumalizi mpira namna hii. Kisha skrubu za dashibodi. Zote zimechubuka. Mtu aliwahi kuingia humo.

"Hili limetembea laki na themanini, mama. Ikipungua, si nyingi. Mita imerudishwa nyuma."

Nani kairudisha? Akaanza kupanga spana zake. Yeye, kasema, ni fundi wa injini tu.

Nimeondoka na mkanda. Hakuuliza ninaupeleka wapi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefanya hesabu mara tatu. Mwenye gari kabla yangu ni mmoja. Mkono mmoja. Inakuja jibu lilelile.

Mkokoteni umechelewa tena.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi Fundi Kesho kapiga simu. Jana mzee alipita gereji, kavaa koti. Hakutaka kuona hedi. Hakutaka kuona pistoni. Aliuliza mkanda ulipo, akasema vitu vibovu havifai kutunzwa, vinaleta mkosi, autupe. Fundi akamjibu atautupa kesho.

Nimemweka mume wangu kitako. Nimeuweka mkanda juu ya kitanda, katikati yetu, nikamweleza: boliti, pedali, skrubu, mita. Kasikiliza kichwa chini. Hakushangaa kwa kiasi ambacho mtu asiyejua angeshangaa. Akasema wakati ule baba alikuwa anakodisha gari kwa watu wa safari za mbali, mama alikatazwa kusema, kustaafu kulimkuta vibaya. Sokoni na kurudi! Soko la wapi hilo, la ng'ambo ya mpaka?

Kisha kanimalizia: baba ameshampigia simu shemeji. Kamwambia akubali tu, aombe radhi, mambo yaishe. Na kijana amekubali. Ili alipe, ameshapata mtu wa kununua pikipiki yake, ile anayobebea watu jioni. Jumatatu anaikabidhi.

"Ukiutoa huo mbele ya mama," mume wangu kasema, "baba hatakuwa na pa kuweka uso."

"Na mdogo wako wa kwake anauweka wapi?"

Kaenda kuangalia kama mlango wa nje umefungwa. Ulikuwa umefungwa tangu jioni.

Mimi, iandikwe, hesabu yangu haikuwa na kosa. Themanini na nne kutoka laki moja ni kumi na sita, popote duniani. Nimemhukumu mtu kwa hesabu sahihi kabisa.

Jumapili, 10 Machi

Naandika nikiwa chumba cha wageni, kwa wakwe. Nimesema kichwa kinaniuma. Si uongo sana.

Sebuleni tulikaa hivi: mzee kwenye kiti chake kikubwa, mama mkwe karibu na mlango wa jikoni, mimi na mume wangu kwenye kochi, shemeji kwenye kigoda. Shati lake limenyooka, mikunjo ya mikono kama kisu. Kalipiga pasi mwenyewe, najua mkono huo, mimi ndiye niliyemfundisha. Mkoba nimeupakata. Mkanda umo ndani. Nikikaza vidole unalia, na kila ukilia mume wangu anakohoa.

Mzee kafungua kwa hotuba. Mizani haina mjomba wala shangazi. Kuna muuza sukari alimlilia magoti chini, hakumsamehe, na mpaka leo wanasalimiana kwa heshima. Kisha akamgeukia mwanawe. Ulikimbiza gari la shemeji yako?

Hakunitazama mimi. Alimtazama baba yake, kwa muda, kama mtu anayesubiri kurudishiwa chenji.

"Nilikimbiza, baba."

"Mmemsikia."

Mama mkwe akainuka ghafla, akasema chai imechemka. Hakuna aliyekuwa ameweka chai. Mzee akatangaza kwamba hukumu ataitoa baada ya chai. Ndipo nikashikwa na kichwa.

Sasa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda. Mkanda nimeutoa, uko juu ya shuka, na shuka nalijua, limefuliwa kwangu. Vikombe vinagongana jikoni. Shemeji anamuuliza mama yake sukari iko wapi, sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu aliyekwisha kulipa.

Nikitoka nao, mzee amekwisha, na mimi ndiye mkwe aliyemmaliza. Nikiuacha hapa, kijana kesho anakabidhi pikipiki, na mimi nitakuwa na gari zima na hesabu iliyonyooka. Nimejaribu kuigawanya kwa njia ya tatu. Haigawanyiki.

Mtu anakuja koridoni. Si mume wangu, huyu anaburuta kiatu cha kushoto.

Amegonga. Kidole kimoja tu.

"Mkwe wangu." Ile sauti ya hotuba hajaja nayo. "Ule mkanda... fundi alishautupa?"

Nimeushika. Umelia.

Naye kule nje kausikia. Hajaondoka — kivuli cha miguu yake bado kiko chini ya mlango.